Kliki za uongo: anayehesabu ndiye anayelipwa

Mwuza bitenge wa Goma au wa Lubumbashi akitaka kujulikana, ana njia nyingi za kutumia pesa yake. Redioni analipia dakika. Kwenye bango la barabarani analipia mwezi. Kwenye intaneti mara nyingi analipa kwa namna nyingine kabisa: pesa inatoka tu pale mtu anapofinya kidole juu ya tangazo lake. Kufinya huko ndiko kunaitwa kliki. Kliki isipokuja, hakuna malipo.

Ukisikia hivyo, unaona ni biashara ya haki kuliko zote. Nani atalalamika kulipia mteja aliyekuja mwenyewe mpaka mlangoni? Lakini mlango huo uko mbali, mwuzaji hauoni, na hesabu ya walioingia inaletwa na yule yule anayelipwa kwa kila anayeingia. Ni sawa na kununua mchele kwa mtu anayeupima nyuma ya pazia, kisha anakuletea bili jioni.

Wizi wa kliki unazaliwa hapo. Umbo lake la kwanza ni la jirani mwenye wivu. Tuseme mwuza bitenge ameweka dola 5 kwa siku, na kliki moja inamgharimu senti 25. Kliki 20 tu na siku yake imekwisha: tangazo linatoweka mpaka kesho. Mshindani wake akiwapa vijana wachache kazi ya kufinya tangazo hilo asubuhi mapema, pesa imekwisha kabla soko halijajaa watu. Hakuna aliyeiba mfukoni mwake, wala hakuna mlango uliovunjwa.

Jirani huyo, hata hivyo, siye adui mkubwa. Kampuni kubwa za matangazo zina vichujio vinavyotupa kliki zinazorudiwarudiwa kutoka simu moja, na zikigundua udanganyifu baadaye, zinarudisha kitu fulani kwenye akaunti ya mtangazaji. Adui mkubwa ni yule anayepata mgao. Tangu mwaka wa 2003, Google ilipoanzisha huduma ya AdSense, mtu yeyote mwenye ukurasa wa intaneti anaweza kuwekewa matangazo ya wengine na kupewa sehemu ya pesa kila yanapofinywa. Kwa watu waaminifu, wakiwemo wenye magazeti ya mtandaoni, huo ulikuwa mlango wa riziki. Kwa wengine ilikuwa ni kuambiwa: finya, tutakulipa.

Na walifinya. Kwanza kwa vidole vyao, kisha kwa vidole vya watu waliokodiwa kwa pesa kidogo, halafu kwa programu ambazo hazichoki wala hazilali. Mwaka wa 2017, polisi wa Thailand waliingia katika nyumba moja karibu na mpaka wa Kambodia na kukuta simu karibu 500 zilizopangwa juu ya vyuma kama bidhaa dukani, pamoja na laini za SIM zaidi ya 347.000. Wachina watatu waliokuwa humo walikamatwa. Simu hizo zilitumika kupandisha hesabu za uongo kwenye mtandao wa Kichina wa WeChat. Wenye nyumba hiyo hawakuwa wameunda kitu cha ajabu: walikuwa wamenunua simu nyingi tu.

Wakubwa wa biashara hii walilijua tatizo mapema. Mtindo wa kulipia kliki ulianzishwa mwaka wa 1998 na kampuni ya GoTo.com ya Mmarekani Bill Gross, na Google ikauchukua kwa nguvu mwaka wa 2002. Haikuchukua muda. Desemba 2004, George Reyes, aliyekuwa mkuu wa fedha wa Google, aliwaambia wawekezaji kwamba wizi huu unatishia mfumo mzima wa biashara yao na kwamba lazima kitu kifanyike haraka. Hayo hayakusemwa na adui wa kampuni, bali na mtu aliyeshika daftari lake la pesa.

Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa mwaka wa 2005, duka la zawadi la Arkansas liitwalo Lane's Gifts lilipeleka Google na kampuni nyingine mahakamani, likidai kwamba watangazaji walilipishwa kliki ambazo hazikutoka kwa wateja. Kesi iliisha Julai 2006 kwa mapatano yaliyofikia dola milioni 90. Kwa wengi ulionekana ushindi mkubwa wa wadogo. Ukifungua mapatano yenyewe, furaha inapungua: hadi dola milioni 30 zilikuwa za mawakili, na zilizobaki hazikuwa pesa taslimu bali mikopo ya kununulia matangazo mengine kwa Google ile ile. Aliyelalamika kwamba mchele ulipimwa vibaya alipewa tikiti ya kurudi kununua nyuma ya pazia lile lile.

Katika kesi hiyo, profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha New York, Alexander Tuzhilin, aliruhusiwa kuingia ndani ya Google na kuangalia jinsi inavyopambana na kliki za uongo. Alisema juhudi za kampuni ni za kuridhisha. Lakini alieleza pia jambo ambalo linastahili kukumbukwa zaidi: hakuna namna kamili ya kutofautisha kliki ya mteja na kliki ya mwizi, kwa sababu tofauti iko katika nia ya aliyefinya, na mashine haisomi nia. Tena, kanuni za kuchuja zikitangazwa wazi, wezi watazisoma wa kwanza na kujipanga upya. Ndiyo maana zinafichwa.

Hoja hiyo ni ya kweli, na ni ya kweli kwa namna inayomfaa sana mwenye mizani. Kama kanuni lazima zifichwe, basi mtangazaji lazima aamini tu. Eric Schmidt, aliyekuwa akiongoza Google wakati huo, alieleza mwaka wa 2006 katika Chuo Kikuu cha Stanford kwamba kwa macho ya mchumi, tatizo lina dawa yake ndani: kliki mbovu zikizidi, watangazaji wataona hazileti wateja, watapunguza bei wanayokubali kulipa, na soko litajirekebisha. Alisema pia kwamba kampuni yake inapambana na wizi huo, na haki itendeke kwa kukumbuka hilo. Lakini dawa hiyo inamfaa nani? Kampuni kubwa yenye wataalamu wa hesabu itaona, labda, kwamba kliki 10.000 zimeleta wateja 3. Mwuza bitenge mwenye dola 5 ataona tu kwamba wiki hii biashara ni mbaya. Atasema ni mvua, ni vita, ni bei ya dola. Ataongeza tangazo.

Tena hata kampuni kubwa zilichelewa kuona. Kevin Frisch, aliyesimamia matangazo ya kutafutia wateja katika kampuni ya Uber, alieleza hadharani kwamba walizima dola milioni 100 kati ya milioni 150 walizokuwa wakitumia kwa mwaka, na idadi ya watu wanaoweka programu ya Uber kwenye simu zao haikubadilika. Theluthi mbili za pesa zilikuwa zikienda mahali ambapo hakukuwa na mtu. Sehemu kubwa ilikuwa ni ujanja mmoja wa simu: programu fulani inatuma kliki nyingi za uongo bila mwenye simu kujua, na siku huyo mwenye simu akiweka Uber kwa hiari yake, programu inadai kwamba ni yenyewe iliyomleta. Inachukua malipo ya mteja ambaye angekuja tu. Mwaka wa 2017 Uber iliishitaki Fetch, kampuni iliyokuwa ikiinunulia matangazo.

Wanaofungwa gerezani wapo, na hadithi zao ni tamu kusoma. Mrusi Aleksandr Zhukov alikodi kompyuta kubwa zaidi ya 1.900 katika vituo vya Dallas, Texas, na kwingineko. Akaziandikia anwani za intaneti zaidi ya 650.000 zilizofanywa zionekane kama za nyumba za Wamarekani wa kawaida. Akaigiza kurasa zaidi ya 5.000. Kompyuta zake zilisogeza kipanya, zilishuka taratibu kwenye ukurasa kama mtu anayesoma, zilisimamisha video katikati. Hakukuwa na msomaji hata mmoja. Yeye hakulipwa hasa kwa kliki bali kwa matangazo ya video yaliyohesabiwa kwamba yametazamwa, lakini wizi ni wa ukoo mmoja. Alijiita mfalme wa udanganyifu. Alikamatwa Bulgaria mwaka wa 2018, na tarehe 10 Novemba 2021 mahakama ya Brooklyn ilimpa miaka 10.

Kati ya waliolipa matangazo hayo hewa kulikuwa na gazeti la New York Times, kampuni ya Comcast, na pia hospitali ya watoto ya Texas. Hospitali! Pesa iliyotolewa ili wazazi wajue mahali pa kutibisha watoto wao ilitazamwa na mashine ndani ya chumba chenye baridi.

Kuna jambo dogo katika kesi ya Zhukov ambalo halizungumzwi vya kutosha. Desemba 2016, kampuni ya usalama iliyougundua mtandao wake, White Ops, ilikadiria kwamba anaingiza dola milioni 3 hadi 5 kwa siku. Waendesha mashtaka walipomaliza hesabu zao, walizungumzia dola milioni 7 kwa muda wote wa wizi wake, toka 2014 hadi 2016. Tofauti hiyo si ya makosa ya kujumlisha. Katika biashara hii, anayehesabu kliki nzuri analipwa kwa wingi wake, na anayehesabu kliki mbovu anauza dawa ya kuziondoa, kwa hiyo naye ana faida zikionekana nyingi. Msomaji anayekutana na takwimu kubwa za mabilioni yanayoibwa kila mwaka aulize kwanza takwimu hiyo imetoka dukani kwa nani.

Na baada ya wezi kufungwa, pesa ya matangazo inaendelea kupita kwa mikono mingi. Mtangazaji anampa wakala, wakala anampa mnunuzi wa nafasi, mnunuzi anaingia kwenye soko la mnada, soko linampa mwenye ukurasa. Kila mmoja anakata fungu lake, na fungu hilo ni lile lile kliki ikiwa ya mama wa Bukavu au ya roboti ya Dallas. Zhukov na wenzake ndio waliovunja sheria. Lakini kila aliyesimama katikati alipata faida kidogo kwa kutouliza swali. Google peke yake iliingiza kwa matangazo zaidi ya dola bilioni 237 katika mwaka wa 2023. Mtu mwenye mapato hayo hawezi kusema kwamba kuweka mkaguzi wa nje ni gharama isiyobebeka.

Hoja ya kuficha kanuni ili wezi wasizisome haizuii ukaguzi. Mkaguzi wa benki anafungua vitabu vya benki bila kubandika namba za sanduku ukutani. Kinachotakiwa ni hicho hicho: mtu asiyelipwa kwa kliki aruhusiwe kuhesabu kliki, mara kwa mara, si mara moja tu katika kesi ya mwaka wa 2006. Na makosa yakipatikana, mteja arudishiwe pesa, si mikopo ya kununua tena.

Mkongomani asiyetangaza kitu chochote anaweza kuona kwamba haya yote hayamhusu. Yanamhusu kupitia mfuko wake wa mega. Februari 2019, kampuni ya Oracle ilifichua programu zilizopakuliwa zaidi ya mara milioni 10 ambazo zilikuwa zikicheza video za matangazo kwa siri ndani ya simu, skrini ikiwa nyeusi. Simu moja ingeweza kula zaidi ya giga 10 kwa mwezi. Mwenye simu aliona tu kwamba betri inaisha haraka na mega hazikai. Mwaka wa 2020, wachunguzi walionyesha kwamba simu za bei nafuu aina ya Tecno W2, zilizouzwa Cameroon, Ethiopia, Ghana, Misri na Afrika Kusini, zilikuwa na virusi tayari ndani yake vilivyoziandikisha zenyewe kwenye huduma za kulipia. Kampuni iliyoziunda ilijibu kwamba hilo lilikuwa tatizo la zamani lililokwisha rekebishwa, na kwamba virusi viliingizwa na mtu wa katikati katika safari ya simu hizo. Inawezekana kabisa. Ila kwa mtu aliyepoteza uniti zake, haijalishi ni mkono upi kati ya mikono kumi.

Watu wa RDC wanajua uchungu huo. Uniti zilipokuwa zikikatwa kwa ajili ya RAM, nchi nzima ilipiga kelele mpaka serkali ikaiondoa mwaka wa 2022. Walipiga kelele kwa sababu ujumbe ulionekana kwenye simu: umekatwa kiasi fulani. Wizi wa matangazo hautumi ujumbe. Mtu ananunua mega asubuhi, jioni zimekwisha, anatukana kampuni ya simu. Pengine kampuni ya simu haina kosa.

Nchi ina Kanuni ya Dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, nayo ina sehemu ya kuadhibu makosa yanayofanywa kwa kompyuta na simu. Kumtegemea hakimu wa Kinshasa amfuate mtu aliyekaa nyuma ya kompyuta za Texas ni ndoto. Lakini kuna kazi ya karibu zaidi. ARPTC ndiyo inayotoa kibali kwa vyombo vya mawasiliano vinavyoingia nchini. Kibali hicho kisiishie kwenye mawimbi na karatasi. Chukua simu chache za kila aina mpya, weka laini, ziache mezani juma moja bila kuguswa, kisha angalia zimetumia mega ngapi na zimezungumza na nani. Kazi hiyo haihitaji maabara ya mabilioni. Inahitaji meza, laini na mtu asiyelala kazini.

Na magazeti ya mtandaoni yasijifiche nyuma ya wafanyabiashara, kwa maana yao pia yanaibiwa, na kwa njia ya aibu: jina lao linauzwa na wengine. Mwaka wa 2017 gazeti la Financial Times la London liligundua kwamba masoko mengi ya mnada yalikuwa yakiuza nafasi za matangazo kwa jina lake bila kuwa na nafasi hata moja ya gazeti hilo. Lilikadiria hasara ya paundi milioni moja kwa mwezi. Mwaka huo huo ilianzishwa dawa rahisi inayoitwa ads.txt: faili moja fupi ambalo mwenye ukurasa analiweka wazi, likitaja ni nani tu wana ruhusa ya kuuza nafasi zake. Mnunuzi mwaminifu analisoma kabla ya kulipa. Halimalizi wizi, lakini linafunga mlango mmoja, na kuliandika ni kazi ya asubuhi moja. Ukurasa wa habari unaolilia matangazo bila kuweka faili hilo unaacha jina lake mlangoni, aliyepita alichukue.

Kwa mwuza bitenge, somo lilitolewa na kampuni ndogo ya Marekani, Limited Run. Mwaka wa 2012 ilitangaza kwenye Facebook, ikaona hesabu iliyoletewa hailingani na ile ya vifaa vyake. Ikatengeneza chombo chake cha kuhesabia, na ikasema kwamba karibu asilimia 80 ya kliki ilizolipia zilionekana kutoka kwa roboti. Baada ya hapo ikafuta ukurasa wake na kuondoka.

Si lazima kuondoka, wala si kila mtu anaweza kutengeneza chombo. Lakini daftari lipo. Mwuzaji aandike kwa juma mbili idadi ya wanaompigia na wanaomwandikia WhatsApp, na amwulize kila mmoja ameona bidhaa wapi. Juma la tatu azime tangazo kabisa, aendelee kuandika. Ni jaribio lile lile la Uber la dola milioni 100, kwa bei ya kalamu. Namba za daftari zikibaki zilezile, dola 5 za kila siku zinaweza kulipa dakika redioni au kijana wa kupeleka bidhaa mpaka Sake. Zikishuka, basi kati ya kliki zile kulikuwa na watu, na tangazo lirudi hewani.